Jua limekula viambishi ukutani

Mwalimu wa Kiswahili anapotaka kufundisha upatanisho wa kisarufi, aghalabu huchukua karatasi ya manila na kalamu nene za felti za rangi mbili. Mizizi ya maneno huiandika kwa buluu au kwa nyeusi. Viambishi, ambavyo ndivyo kiini cha somo, huviandika kwa nyekundu ili vimpige mwanafunzi machoni tangu anapoingia mlangoni. M-tu m-zuri a-meanguka. Wa-tu wa-zuri wa-meanguka. Ki-ti ki-refu ki-mevunjika. Vi-ti vi-refu vi-mevunjika. Chati hiyo hutundikwa ukutani mwezi wa Januari ikameremeta kama nguo ya sikukuu, na mgeni yeyote atakayeingia darasani humo hana budi kuisifu.

Mgeni huyo na arudi mwezi wa Septemba. Nilimsikia mwanafunzi wa Gredi ya Nne, katika shule moja ya sehemu kavu za mashariki mwa nchi, akiisoma chati ya namna hiyo kwa sauti kubwa na kwa uaminifu wote: "Tu zuri meanguka. Ti refu mevunjika." Mtoto yule hakuwa na kosa lolote. Alisoma kilichokuwapo. Nyekundu yote ilikuwa imekwenda na jua la alasiri, mizizi ikabaki peke yake mithili ya mifupa isiyo na nyama. Mwalimu wake, bibi mmoja mpole aliyekuwa ameketi nami nyuma ya darasa, alininong'oneza: "Daktari, ile kalamu nyekundu niliinunua kwa pesa zangu mwenyewe."

Msomaji huenda akashangaa kwamba mtu ambaye kazi yake ni isimu ameamua leo kuandika juu ya vanishi, plastiki na magunia. Lakini sioni jambo hili kuwa la mafundi pekee. Waswahili husema kuta zina masikio. Katika shule zetu za msingi kuta zina midomo pia, na mdomo ukipoteza nusu ya sauti zake ni lazima aliyesomea sauti aulize kulikoni. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kuvipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, uhaba wa vitabu umepungua. Hata hivyo kitabu hufungwa kipindi kikiisha, kikarudishwa kabatini au mkobani. Chati haifungwi. Mtoto anayechoshwa na hesabu huigeuzia macho akiwa mahali pake, na lile alisomalo pasipo kuamrishwa na mtu ndilo linalomkaa. Isitoshe, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mwalimu atumie vielelezo kwa wingi. Haujamwambia atavilindaje.

Tuanze na jua, maana ndilo adui anayedharauliwa kuliko wote. Rangi ya wino ni ya aina mbili kwa asili yake. Ipo inayoyeyuka ndani ya maji au spiriti kama sukari inavyoyeyuka ndani ya chai, na ipo iliyo chembechembe ngumu zinazoelea tu, kama vumbi la makaa ndani ya maji. Ile iliyoyeyuka hung'aa zaidi na bei yake ni rahisi, kwa hiyo ndiyo inayojazwa ndani ya kalamu nyingi za felti na katika mashine nyingi ndogo za kuchapishia zinazorusha wino. Lakini molekuli zake ziko wazi mbele ya mwanga. Miale ya jua, hasa ile isiyoonekana kwa macho ambayo wataalamu huiita urujuanimno, huzivunja moja baada ya nyingine, na molekuli iliyovunjika haina rangi tena. Chembe ngumu hustahimili zaidi kwa sababu mwanga huigusa ngozi ya nje tu, sehemu ya ndani ikabaki salama.

Rangi zote hazifi kwa kasi moja. Anayetaka ushahidi hana haja ya maabara. Atembee barabarani mwaka mmoja baada ya uchaguzi mkuu. Mabango ya wagombea wa Agosti 2022 yaliyosahauliwa kwenye nguzo na kuta yaligeuka yote kuwa ya samawati: nyuso za samawati, meno ya samawati, ahadi za samawati. Uchapaji wa rangi hutumia wino wa aina nne, yaani samawati, nyekundu ya waridi, njano na nyeusi. Katika wino wa kawaida wa mabango, njano na ile nyekundu ndizo zinazotangulia kwenda; samawati na nyeusi hubaki nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa viambishi vyetu. Ile rangi ambayo mwalimu aliichagua kwa sababu inavutia kuliko nyingine ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko nyingine.

Nyeusi ya kweli ni masizi, na masizi ni kaboni. Mwanga haupati cha kuvunja hapo. Katika Ngome ya Yesu kule Mombasa kungali na michoro ambayo Wareno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu walipokuwa wakiikalia ngome hiyo, na tunajua kwamba waliipoteza mwaka 1698. Hakuna aliyewapa vanishi. Makaa ni kaboni, na wekundu wa udongo ule ni kutu ya chuma, nayo haiogopi jua. Na anayetaka maandishi ya kale zaidi katika pwani hii yetu na avuke hadi Kizimkazi, Unguja, ambako msikiti una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe na kutiwa mwaka wa 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Aliyeyachonga aliutambua ukweli mmoja ulio sahili: herufi isiyotegemea rangi haiwezi kupauka.

Lakini si kila kalamu nyeusi ina masizi ndani yake. Nyingi zina mchanganyiko wa zambarau, buluu na njano uliokolezwa mpaka ukaonekana mweusi. Mwalimu wa sayansi anajua namna ya kulibainisha hili, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuliazima jaribio lake bila gharama. Chora mstari kuuzunguka mche wa chaki karibu na mwisho wake wa chini, kisha usimamishe mche huo ndani ya maji kidogo, mstari ukiwa juu ya maji. Maji yatapanda ndani ya chaki. Iwapo mstari utapanda nayo na kujigawa katika rangi mbalimbali, kalamu hiyo haifai kuandikia kitu cha kudumu. Usipotikisika, rudia jaribio kwa spiriti, kwa sababu kalamu nyingi zinazojiita za kudumu huyashinda maji lakini huyeyuka kwa spiriti, na jua litazipausha vilevile, ingawa taratibu zaidi. Mstari usiokubali kutikisika kwa maji wala kwa spiriti una chembe ngumu ndani yake.

Karatasi yenyewe nayo ina siri zake. Jina la manila limetoka Ufilipino, ambako karatasi ngumu ya aina hiyo ilitengenezwa kwa nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba. Manila tunayouziwa leo madukani, licha ya jina lake, kwa kawaida ni ya miti. Karatasi ya miti isiyosafishwa vizuri ina lignini, ile gundi inayoushikamanisha mti uweze kusimama, na lignini ikipigwa na mwanga hugeuka njano kisha hudhurungi. Ndiyo sababu gazeti lililoachwa dirishani kwa juma moja huonekana kama limekaa miaka. Mwenye uwezo wa kuchagua achague nyeupe iliyo nzito. Mwenye kununua kwa pesa zake, kama yule bibi, atanunua atakayoikuta.

Kuhusu maji sitachelewa sana, kwa kuwa kila mtu amekwisha kuona wino ukitiririka. Inatosha kukumbusha kwamba maji ya darasani hayatoki kwenye mvua peke yake. Paa la mabati hutoa jasho usiku wa baridi, hasa kwenye nyanda za juu, na matone hudondoka alfajiri mtu asiyaone. Ukuta wa mawe uliojengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapandisha pamoja na chumvi. Pwani, hewa yenyewe imelowa. Chati iliyobandikwa kwa gundi moja kwa moja kwenye ukuta wa namna hiyo huloa kwa nyuma wakati upande wa mbele umefunikwa vizuri, na mwalimu hubaki kulaumu plastiki. Dawa yake ni kuitundika chati kwenye ufito ili hewa ipite nyuma yake. Ama maandishi ya kompyuta, yale yanayotolewa na mashine ya leza hayatiririki, kwa sababu wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto juu ya karatasi, na ule mweusi kwa kawaida hupata rangi yake kutokana na kaboni. Kwa hiyo karatasi ya leza ya rangi nyeusi, japo haina urembo, humzidi mrembo wa rangi zote kwa maisha.

Hapa ndipo watu huniuliza: si tuzilamineti tu? Neno hilo tayari limeshika barabarani na silipigi vita. Lina irabu mwishoni, linakubali viambishi, na kila fundi wa mtaani analielewa. Kwangu mimi hupenda kusema kuivika chati plastiki, kwa kuwa kitenzi hiki tunacho tangu zamani na picha yake ni sahihi: kitu kimevishwa vazi pande zote mbili. Vazi hilo ni karatasi mbili za plastiki ngumu zilizopakwa gundi inayoyeyuka kwa joto. Unene wake hupimwa kwa maikroni, ambazo 1000 hufanya milimita moja. Vibanda vingi huwa na za 80, ambazo zatosha kitambulisho kinachokaa mfukoni lakini hukunjamana kwenye chati kubwa. Za 125 hufaa darasani. Za 250 ni ngumu kama kadi na bei yake humfanya mwalimu mkuu akohoe.

Kuna mambo mawili ambayo huyaona yakikosewa karibu kila mahali. La kwanza ni ukingo. Fundi akishaivika chati yake huchukua mkasi na kukata sawasawa na karatasi ili kazi ionekane nadhifu. Anapokata hivyo ameikata ile mishono ya vazi. Plastiki haishikamani na karatasi kwa nguvu ile inayoshikamana na plastiki mwenzake. Hivyo ni lazima ukingo wa plastiki tupu, wa milimita tano hivi, uachwe ukiizunguka karatasi yote. Pasipo ukingo huo maji huingia kwa ubavuni, yakanyonywa na karatasi kama mafuta yanavyonyonywa na utambi, na kwa kuwa yamezibiwa pande zote hayapati pa kutokea. Chati iliyovikwa vibaya huoza haraka kuliko iliyoachwa uchi, maana ile ya uchi angalau hukauka.

Niliwahi kumweleza hivyo kijana mmoja katika kibanda cha uchapaji karibu na River Road, Nairobi. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hivyo itakaa kama haijaisha," akasema. "Wateja wanataka ikae safi." Nikamwomba akate moja apendavyo na nyingine nipendavyo mimi, tuzitumbukize zote mbili ndani ya ndoo mpaka nikanywe chai nirudi. Niliporudi, yake ilikuwa na mpaka wa kijivu umeingia ndani kiasi cha upana wa kidole. "Sawa, mzee," akasema, "lakini huyo mteja mwingine hatakuja na ndoo." Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Jambo la pili linalokosewa ni tundu. Mtu amevika vizuri, ameacha ukingo, kisha anachukua msumari na kuutoboa moja kwa moja katika kona ya karatasi ili apitishe uzi. Tundu lile ni mlango. Likiwa ni la lazima, karatasi yenyewe ikatwe kona kabla ya kuvikwa, ili tundu lipite katika plastiki tupu.

Na isidhaniwe kwamba plastiki ya kawaida huzuia jua. Maji, ndiyo, vumbi na vidole vya watoto, ndiyo, jua, hapana. Mwanga unaotuwezesha kuisoma chati ndio unaoipausha, nao hupita katika plastiki kama upitavyo dirishani. Kioo cha dirisha hupunguza sehemu ya ile miale isiyoonekana, wala hakiimalizi. Kwa hiyo mahali pa kutundika ni muhimu kama vazi lenyewe. Nchi yetu imekatwa na ikweta. Jua letu la asubuhi na la jioni huingia madirishani likiwa limelala, likitoka mashariki au magharibi, likafika mbali ndani ya chumba. Darasa ambalo madirisha yake yameelekea magharibi litaipiga chati ya ukuta wa mkabala kila alasiri ya mwaka. Ihamishwe kwenye ukuta ulio na dirisha, katikati ya dirisha na dirisha, ambako mwanga huo hauifikii. Na wakati wa likizo ishushwe, iviringishwe, iwekwe kabatini. Hayo hayagharimu hata senti moja, na nina yakini kwamba yanaongeza maisha ya rangi kuliko jambo jingine lolote lililotajwa hapa.

Vanishi ni njia ya waliokosa mashine. Yapo ya mafuta, ambayo ni imara lakini yenyewe hugeuka njano, na yapo ya maji, ambayo hubaki maangavu lakini yakigusa wino uyeyukao kwa maji huuburuta mpaka herufi zikaonekana kama zimelia. Jaribu pembeni kwanza. Paka tabaka jembamba, liache likauke kabisa, kisha jingine; pande zote mbili, na kingo hasa. Walimu wengine hupaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Ikikauka hung'aa, nao huamini kwamba imemaliza kazi, lakini gundi ile ya kawaida ikiloa hulainika tena. Selotepu iliyopangwa mistari mistari juu ya chati nzima ndiyo sikuipenda kamwe: mishono yake hukusanya vumbi, gundi yake huzeeka ikawa ya manjano, na ukitaka kuibandua utaondoka na maneno.

Ufumbuzi ulionivutia kuliko yote hautoki kiwandani wala chuoni. Umebuniwa na walimu wa shule za chekechea, wengi wao wanawake wanaolipwa kidogo. Wao huchukua gunia la nailoni lililokwisha mchele au sukari, hulipasua, hulifua, kisha hushona herufi juu yake kwa uzi wa sufu. A ya nyekundu, B ya kijani, na picha ya samaki iliyoshonwa kwa mkono huku mwalimu akiwasimamia watoto wakilala mchana. Gunia hilo halioshwi na mvua, halichaniki, hukunjwa likabebwa kwapani, na herufi zake zina mwinuko. Mtoto huifuata kwa kidole. Hata uzi ukipauka kabisa, umbo la herufi lingali pale, kama lile jiwe la Kizimkazi. Lina udhaifu wake: likiachwa nje juani miezi mingi, nyuzi za gunia hukauka na kupukutika. Lakini ndani ya darasa hukaa miaka. Walezi wa lugha hii walio pwani hawatashangaa, kwa maana kanga imekuwa ikibeba maandishi mabegani mwa watu tangu karne iliyopita, ikafuliwa na kuanikwa juani bila kupoteza jina lake. Rangi ya nguo ilichaguliwa tangu mwanzo kwa kujua kwamba itafuliwa. Sisi huchagua wino kana kwamba mvua haitanyesha.

Mabango makubwa ya turubai la plastiki yanayochapishwa mjini siku hizi ni imara kweli, na shule zinazojiweza hujaza kuta zake kwa hayo. Sina ugomvi nayo isipokuwa moja. Tarehe 28 Agosti 2017 nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na watu wakazoea vikapu. Turubai lile limo katika ukoo uleule wa plastiki isiyooza, na likizeeka halina pa kwenda ila kuezekea banda la kuku. Basi na liandikwe jambo linalostahili kukaa muda huo wote.

Na hapo ndipo ninapofikia jambo linalonisumbua zaidi ya jua na maji. Kila njia ya kuyadumisha maandishi huyadumisha pamoja na makosa yake. Manila iliyoandikwa vibaya hupauka, na rehema ya Mungu ikawa hapo. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta hauna rehema. Nimeziona shule zilizochora ramani ya Kenya kwenye ukuta wa nje, kazi safi ya fundi hodari, na ramani hiyo ingali na mikoa minane, ingawa Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47 na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Kwenye ramani za Afrika, Sudan ingali moja, japokuwa Sudan Kusini ilijitenga mwaka 2011, na Eswatini ingali inaitwa kwa jina iliyoliacha mwaka 2018. Mtoto aliyeingia chekechea akiitazama ramani hiyo ataondoka shuleni akiwa nayo kichwani.

Sarufi haina kaunti wala mapinduzi, kwa hiyo makosa yake hayana hata udhuru wa wakati. Katika darasa moja nilikuta chati ya sehemu za mwili, iliyochapishwa kiwandani, ya rangi zote nne, ikavikwa plastiki nene yenye ukingo mzuri ambao ungemfurahisha hata mtu mkaidi kama mimi. Chini ya picha ya mguu iliandikwa "vidole ya mguu". Chini ya jicho iliandikwa "jicho mbili". Mwalimu alikuwa ameyaona. "Nilitaka kusahihisha kwa kalamu, Daktari," akaniambia, "lakini wino haushiki kwenye plastiki." Ikawa kila asubuhi darasa zima linapigana na mwalimu wake kwa ajili ya ngeli ya KI-VI, na ukuta umesimama upande wa pili, haufutiki, hauchoki, unasema vingine. Aliyeichapa chati hiyo aliajiri mchoraji na mchapaji. Nadhani hakumwajiri msomaji wa prufu.

Kwa sababu hiyo nawashauri wanafunzi wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha wafuate mpangilio ulio kinyume na desturi. Kwanza chati iandikwe kwa penseli na isomwe na mtu mwingine, ikiwezekana asiyekuwa rafiki. Kisha itundikwe ikiwa uchi kwa majuma mawili. Wanafunzi watayaona makosa ambayo mwalimu hakuyaona, na hapana wahariri wakali kuliko Gredi ya Tano. Baada ya hapo ndipo ivikwe. Nasi tunaokwenda kuwakagua, fomu zetu hutoa alama kwa unadhifu wa vielelezo siku ile ya ukaguzi. Napendekeza kiongezwe kifungu kimoja kinachouliza chati hii itakuwaje mwezi wa Septemba. Bei ya karatasi chache za plastiki na kalamu moja ya wino mzuri iingizwe katika makadirio ya shule kama chaki ilivyoingizwa, pasiwe na mwalimu wa kunong'ona nyuma ya darasa kuhusu pesa zake.

Mmoja wa wanafunzi wangu alilitatua suala la viambishi kwa njia ambayo tangu hapo nimeieneza kila niendako. Aliiandika mizizi kwa buluu ya kawaida, na viambishi akaviandika kwa wino mweusi uliofaulu jaribio la chaki, vikiwa vinene maradufu, kila kimoja kimezungushiwa kisanduku. Chati yake ilipopauka, kilichobaki ukutani kilikuwa visanduku vya m-, wa-, ki-, vi- vilivyosimama imara mbele ya nafasi tupu. Mwalimu aliyeachiwa darasa hilo hakuishusha. Huwaambia watoto wazijaze nafasi hizo wenyewe, leo kwa -tu na -zuri, kesho kwa -ti na -refu.